Nauli ya Mtoto: Historia Fupi ya Kazi ya Hisani kwa Watoto Wenye Ulemavu Nchini Kenya



Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa kutoa, baada ya hesabu za mweka hazina, makala moja ya historia, ili wanachama wapate kuijua njia waliyoipita waliotutangulia. Mwaka huu halmashauri imeona vema kuandika juu ya kazi ya hisani kwa watoto wenye ulemavu katika nchi yetu. Sababu yake tutaieleza waziwazi, maana yatuhusu sisi wenyewe.

Katika mwaka huu tulisafiri kwenda mashambani kumzika mama mzazi wa mwanachama mwenzetu. Mambo yote yalikwenda kwa utaratibu. Michango ilikusanywa kwa siku mbili, gari likakodiwa, jeneza likafika salama, na wageni wakakirimiwa. Jioni, mzee mmoja wa halmashauri alizunguka nyuma ya nyumba akitafuta maji ya kunawa. Alisikia sauti jikoni, na alipochungulia alimkuta mvulana wa miaka tisa hivi, ameketi juu ya gunia, miguu yake myembamba imekunjwa chini yake. Mtoto yule alimwamkia kwa adabu, kisha akamwuliza kama lile gari kubwa litarudi tena.

Mvulana huyo ni mtoto wa mwanachama mwenzetu. Marehemu bibi yake ndiye aliyemlisha, akamwosha na kumbeba mgongoni tangu kuzaliwa. Baba yake amekuwa katika chama chetu miaka kumi na miwili, hana deni la ada hata la mwezi mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ana mtoto huyo. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuyaandika haya bila kutaja jina lake. Alituambia neno moja ambalo hatukuweza kulijibu: "Mngeniuliza lini? Mlikuwa mkija kwangu kwa ajili ya maziko tu."

Basi tumeona ni wajibu wetu kuangalia jinsi kazi hii ilivyoanza, nani waliifanya, wapi ilifanikiwa na wapi ilikwama, ili tujue mahali petu ndani yake.

ZAMANI ZA WAZEE WETU

Si haki kusema kwamba wazee wetu hawakuwa na huruma. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kiungo alikula chungu kimoja na wenzake, na mara nyingi bibi ndiye aliyekuwa mlezi wake. Methali yetu isemayo "kabla hujafa hujaumbika" ilikuwa onyo kwa kila mwenye macho mazima na miguu imara asije akamcheka mwenzake, kwa kuwa hajui kesho atakuwaje.

Lakini huruma hiyo iliishia uani. Wako waliodhani kwamba mtoto wa namna hiyo ni adhabu ya kosa la wazazi au kazi ya mkono wa jirani. Wengine waliogopa kwamba dada zake hawataposwa. Kwa hiyo mtoto alitunzwa, lakini hakuonekana. Hakupelekwa sokoni, wala hakufikishwa mbele ya mzungumzaji yeyote wa barazani. Serikali ya kikoloni nayo haikumtafuta. Ilihesabu nyumba kwa ajili ya kodi muda mrefu kabla ya kuhesabu watu, na sensa ya kwanza kamili ya Waafrika wa Kenya haikufanywa mpaka mwaka 1948. Mtoto wa nyuma ya nyumba hakuwa katika daftari la mtu yeyote.

THIKA, MWAKA 1946

Kazi ya kuwafundisha wenye ulemavu katika nchi yetu ilitokana na vita. Askari wetu wa KAR walipigana Uhabeshi, Madagascar na Burma, na baadhi yao walirudi bila macho. Watu hawa walikuwa wameondoka vijana wenye nguvu, wakarudi wakishikwa mkono. Jamii haikuweza kusema kwamba wamelaaniwa, maana kila mtu alijua walikopatia majeraha yao.

Jeshi la Wokovu, ambalo chanzo chake ni kazi aliyoianza William Booth kati ya maskini wa London mwaka 1865, lilikuwa limeingia Kenya mwaka 1921. Mwaka 1946 lilianza huko Thika kazi ya kuwafundisha vipofu, na hao askari walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa. Kutoka hapo kazi ikawaelekea watoto, na Thika ikawa shule ya kwanza ya vipofu katika Afrika ya Mashariki. Hivyo macho yaliyopotea vitani yalifungua njia kwa watoto ambao hawakujua vita ni nini.

Yafaa tukumbuke jinsi upofu ulivyokuwa ukiingia katika nyumba zetu siku hizo. Ndui ilipofusha wengi iliowaacha hai, na ugonjwa huo ulikuja kutoweka duniani baada ya mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida kuonekana Merca, Somalia, mwaka 1977. Surua ilipofusha watoto wenye lishe duni. Vikope viliwasumbua watu wa sehemu kavu, ambako maji ya kunawa uso ni machache na nzi ni wengi. Katika mabonde ya mito ya Nyanza palikuwa na usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Katika miaka ya 1940 na 1950 dawa ya DDT ilitiwa katika mito hiyo mpaka inzi hao wakaangamia, na kazi hiyo ya Nyanza ilikuwa kati ya za kwanza za namna yake ulimwenguni. Twayataja haya ili ionekane kwamba mengi tuliyoyaita laana yalikuwa na sababu, na yenye sababu yana dawa.

Chombo kikuu cha kufundishia huko Thika kilikuwa maandishi ya Breli. Aliyeyatunga, Louis Braille, alikuwa mtoto wa mtengeneza matandiko ya farasi huko Ufaransa. Alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake alipokuwa na umri wa miaka mitatu, na kidonda kikaharibu macho yote mawili. Alikuwa kijana wa miaka 15 alipokamilisha utaratibu wake wa nukta sita, na mwaka 1829 akauchapisha. Kwa kuzipanga nukta hizo sita kwa namna mbalimbali zapatikana herufi zote, tarakimu na alama za kusomea. Mwanafunzi huweka karatasi nene katika kibao chenye vijidirisha, akatoboa nukta moja moja kwa kijiti cha chuma, akianza upande wa kulia kwenda kushoto. Kisha huigeuza karatasi, na kusoma kwa ncha za vidole kutoka kushoto kwenda kulia.

Mtoto aliyekuwa akikaa gizani jikoni aliweza sasa kumwandikia mwenzake barua na kuisoma yake mwenyewe. Mwaka 1956 chama cha taifa cha kuwasaidia vipofu kiliundwa kwa sheria, na shule nyingine za wasioona zikafuata katika sehemu mbalimbali za nchi, nyingi zikiwa za makanisa. Mwaka 1967 Thika yenyewe ikapata shule ya sekondari.

UGONJWA WA KUPOOZA

Ikiwa vita ndivyo vilivyofungua mlango wa vipofu, polio ndiyo iliyofungua ule wa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wazee wetu wanakumbuka habari zake. Mtoto hulala na homa kama ya malaria, asubuhi mama akamsimamisha, na mguu mmoja hauna nguvu. Virusi vyake huingia kinywani kwa maji au mikono michafu, hukaa tumboni, na katika wachache hufika kwenye neva za uti wa mgongo na kuziharibu. Katika watoto mia mbili walioambukizwa, hupooza mmoja tu kwa makadirio. Lakini kwa kuwa walioambukizwa walikuwa wengi, waliopooza nao hawakuwa haba. Katika miaka ya 1950 ugonjwa huu ulizuka mara kwa mara nchini, nao haukubagua rangi.

Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo, kile kijulikanacho hata leo kwa herufi zake, APDK. Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown, hapo hapo Thika, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Palikuwa na haja ya shule ya peke yake, kwa kuwa shule ya kawaida ya siku zile ilikuwa mwendo wa maili kadhaa, na mwalimu hakuwa na la kufanya na mtoto atambaaye.

Yatupasa tueleze kidogo msaada wenyewe ulivyokuwa, maana wengi wetu hudhani ni chakula na malazi tu. Mguu uliopooza hauwezi kuubeba mwili, kwa hiyo goti hukunjika. Fundi hupima mguu, akatengeneza vyuma viwili vya kusimama kila upande, vikashikwa kwa mikanda ya ngozi na kuunganishwa na kiatu. Kwa vyuma hivyo na magongo mawili mtoto aliyekuwa akitambaa husimama. Lakini kabla ya hapo huenda ikabidi apasuliwe ili mishipa iliyokaza inyoshwe, kisha afanyishwe mazoezi kwa miezi mingi. Na baada ya hapo kazi haijaisha. Mtoto hukua, chuma hakikui. Yambidi arudi kwa fundi mara kwa mara, apimwe upya, ama sivyo vyuma vilivyomsimamisha vitamwumiza, naye atavivua na kurudi chini.

Wazee, tuangalie neno hili kwa makini. Ufundi wa kusaidia ulikuwapo, na mara nyingi wahisani waliugharimia. Jambo lililobaki kwa jamaa lilikuwa safari. Mtoto wengi wa umri wake walikuwa wamesimama alirudi kutambaa kwa kukosa nauli ya kumrudisha kwa fundi.

Polio yenyewe ilishindwa kwa chanjo. Ile ya sindano ya Jonas Salk ilitangazwa mwaka 1955, na ile ya matone ya Albert Sabin, iliyotolewa mara nyingi juu ya kipande cha sukari, ikaenea katika miaka ya 1960. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na mwaka 1984 ulikuwa wa mwisho kwa polio ya asili ya hapa kwetu. Baadaye ilirudi mara chache kwa kuvuka mipaka, ikiwa ni pamoja na mwaka 2006 na mwaka 2013. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba virusi vya asili vya polio vimekwisha katika Afrika nzima.

WATOTO WASIOSIKIA

Watoto wasiosikia walichelewa kufikiwa, maana ulemavu wao hauonekani kwa macho. Mtoto aliitwa mkaidi au mpumbavu, kumbe hasikii aitwapo. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwasaidia watoto viziwi, na mwaka 1961 shule zikafunguliwa Nyang'oma huko Nyanza, na Mumias huko Magharibi. Kwa miaka mingi walimu walikazana kuwafundisha watoto hawa kutamka na kusoma midomo, na ishara za mikono zilikatazwa darasani. Walimu hao walikuwa na nia njema, lakini watoto walipotoka darasani walizungumza kwa mikono yao na kuelewana. Ilichukua muda mrefu wakubwa kukubali kwamba ile nayo ni lugha. Leo Katiba ya mwaka 2010 yaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina lake, na kuiagiza serikali kuiendeleza.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipopatikana kazi yote hii ilikuwa mikononi mwa makanisa na vyama vya hisani. Mwaka 1964 serikali mpya iliunda kamati iliyoongozwa na Mheshimiwa Ngala Mwendwa kuangalia habari za walemavu, na taarifa yake ikazaa waraka rasmi wa mwaka 1968, ambao kwao vyuo vya kuwafundisha walemavu kazi za mikono vilianzishwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka huo huo wa 1964 tume ya elimu ya Profesa Ominde ilishauri kwamba watoto wenye ulemavu usio mkubwa wasome katika shule za kawaida pamoja na wenzao. Maneno hayo yalisemwa mapema sana, na utekelezaji wake ulikwenda mwendo wa kobe.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba mtoto hukua akawa mtu mzima. Amejua kusoma, je, atakula nini? Mwaka 1969 zilianzishwa karakana za Bombolulu huko Mombasa, ambako watu wenye ulemavu wa viungo walifanya kazi ya mapambo, ushoni, ngozi na mbao, wakapata mshahara wa jasho lao. Wasioona nao walipata chuo cha ufundi huko Machakos. Katika chuo hicho ndiko alikopita kijana Henry Wanyoike baada ya kupoteza macho mwaka 1995. Miaka mitano baadaye alishinda nishani ya dhahabu katika mbio za mita 5,000 huko Sydney, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Inasimuliwa kwamba alikimbia mbele ya mwongozaji wake, ambaye alichoka, naye ikabidi amhimize. Ndugu wanachama, kipofu alimvuta mwenye macho mpaka mwisho wa mbio!

MAFICHO YA PILI

Sasa twafika mahali pagumu, na hatupendi kupapita kimya kimya.

Shule za bweni zilikuwa wokovu kwa maelfu ya watoto. Lakini sisi jamaa zao tulizitumia vibaya. Wako miongoni mwetu waliompeleka mtoto shule ya mbali, wakatia sahihi, wakashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Likizo ilipofika watoto wengine walichukuliwa, naye akabaki akiangalia lango. Alijua kusoma, alijua kushona, lakini hakujua jina la shangazi yake wala mahali mpaka wa shamba la baba yake ulipo. Siku aliporudi nyumbani akiwa mtu mzima alikuwa mgeni, na wakati wa kugawa urithi hakuna aliyemkumbuka. Shule haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliyoifanya kichaka kingine cha kumfichia mtoto, baada ya kile cha jikoni.

Vyama vya hisani vyenyewe viliiona hatari hii mapema kuliko sisi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi yalijengwa mabweni madogo karibu na shule za kawaida za msingi, ili mtoto mwenye ulemavu alale mahali anapotunzwa, lakini asome katika darasa moja na watoto wa kijiji. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya kuwapima watoto katika wilaya, ambako mzazi aweza kumpeleka mtoto, akaangaliwa macho, masikio, viungo na akili, kisha akashauriwa shule gani yamfaa. Mwaka 1986 kiliundwa chuo cha taifa cha kufundisha walimu wa elimu maalumu, kijulikanacho kama KISE. Mwaka 1998 hospitali ya mifupa ya watoto ilifunguliwa Kijabe. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu.

Hata maneno yamebadilika. Zamani tulisema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ukiyasikiliza majina hayo, yamewekwa safu moja na kiti na kijiko. Siku hizi twaagizwa kusema "mtu mwenye ulemavu", ili mtu atangulie na ulemavu ufuate. Wazee wengine huona huo ni usumbufu wa ulimi. Sisi twaona ni adabu, na adabu ndiyo tuliyofundishwa na wazee hao hao.

HESABU NA NAULI

Je, kazi imekwisha? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha watu wenye ulemavu wapata 900,000, yaani asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Watoto walio chini ya umri huo hawakuwamo katika hesabu hiyo, na umri huo ndio ambao msaada hufaa zaidi. Tena karani wa sensa huandika analoambiwa mlangoni. Hana ruhusa ya kuchungulia jikoni. Kila mmoja wetu aliyemjibu karani anajua alimtaja nani na nani hakumtaja.

Tuseme mtoto amezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Akifikishwa hospitalini mapema, daktari au mhudumu hunyosha mguu polepole kwa mikono, akaufunga plasta, na kuibadili kila juma kwa majuma kadhaa. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu, mwishowe usiku tu, mpaka awe na umri wa miaka minne hivi. Mtoto aliyetibiwa hivyo mara nyingi huenda shule akikimbia pamoja na wenzake. Lakini hizo ni safari nyingi. Mama akikosa nauli ya juma la tatu na la nne, mguu hurudi ulivyokuwa. Plasta haina faida kwa mtu asiyefika kubadilishiwa.

Hapa ndipo historia hii inapofika mlangoni petu. Chama chetu, kama vyama vingi vya hisani vilivyoanzishwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi, kiliundwa hasa ili mtu asizikwe kama asiye na jamaa. Hilo ni jambo la heshima, nasi hatusemi liachwe. Lakini tutazame vitabu vyetu. Mwenzetu akifa, fedha ya gari hupatikana kwa siku mbili, na anayechelewa kutoa huona haya. Mtoto wa mwenzetu akihitaji kufika kwa fundi wa vyuma, mzazi huhangaika peke yake, na hata kusema huona haya. Tumekuwa wepesi wa kuchanga nauli ya maiti, tukawa wazito wa nauli ya mtoto.

Jeshi la Wokovu lilijenga. APDK ilisimamisha watoto waliokuwa wakitambaa. Makanisa yalileta walimu, wageni walileta fedha, na serikali, baada ya kuchelewa, ilileta sheria. Katika hao wote hakuna awezaye kuingia nyuma ya nyumba zetu na kumtoa mtoto kabla hatujamfungulia. Kazi hiyo hakuna mhisani wa kutoka nje aliyepata kuiweza. Ni ya jamaa, na sisi katika mji huu tumejiita jamaa. Wahenga walisema, "Mficha maradhi kilio humfichua." Kwa mwenzetu, kilio ndicho kilichomfichua mtoto wake, na ni aibu yetu sote kwamba tulingoja kilio.

Kwa hiyo halmashauri italeta mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka mambo mawili. La kwanza, sehemu ya ada ya kila mwezi iwekwe katika mfuko wa peke yake, uitwe Mfuko wa Nauli ya Mtoto, usiguswe kwa kazi nyingine, kwa ajili ya safari za watoto wa wanachama kwenda kupimwa, kutibiwa, kurekebishiwa vyuma, na kurudi nyumbani wakati wa likizo. La pili, kila mwanachama mwenye mtoto wa namna hiyo amweleze katibu, ambaye ataandika katika daftari lisilosomwa hadharani. Uamuzi ni wenu, nasi tutautii.

Yule mvulana wa jikoni amekwisha kupelekwa kituoni kupimwa. Walisema ana mtindio wa ubongo uliokaza miguu yake, kwamba akili yake ni timamu kabisa, na kwamba angefaa kuletwa miaka sita iliyopita. Sasa anafanyishwa mazoezi, na shule imekubali kumpokea. Wanachama wakisoma hesabu za mwaka huu wataona, katika fungu la gari la maziko, safari moja isiyo na jina la marehemu. Ni yake. Mweka hazina aliiandika hapo kwa kuwa hapakuwa na fungu jingine la kuiandika.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama